Kununua dawa mtandaoni bila mtaa mzima kujua unaumwa nini

Famasi niliyofanyia kazi miaka minne, hapa Dar es Salaam, ilikuwa na simu moja ya oda. Kioo kimepasuka kona, chaja fupi, kwa hiyo ilishinda kaunta pembeni ya kopo la kalamu. Kila aliyeingia zamu aliishika: mfamasia, sisi watoa dawa, dada wa usafi tukizidiwa, na siku mbili tatu mtoto wa bosi aliyekuja kucheza gemu. Namba ya siri ilikuwa 1234. Ukifungua picha unakutana na vyeti vya daktari, majibu ya vipimo, kadi za bima, picha za vipele vya sehemu ambazo mtu hamwonyeshi hata ndugu yake. Katikati yake, picha za harusi ya mdogo wake bosi. Simu ilikuwa imeunganishwa na akaunti yake ya nyumbani, kwa hiyo kila cheti kilichotumwa pale kilijipakia chenyewe na kuonekana kwenye tableti ya sebuleni kwake.

Hakuna hata mmoja pale aliyekuwa na nia mbaya, na hilo ndilo ninalotaka ulishike. Ukitaja usalama wa taarifa watu wanamfikiria mdukuzi kajifungia chumba chenye giza. Katika miaka yangu yote pale sikuwahi kumwona. Nilichokiona ni risiti iliyobanwa na stepla nje ya mfuko, bodaboda aliyeropoka, na simu ya dukani isiyo na mwenyewe.

Kwa hiyo mwongozo huu unaifuata dawa mkono kwa mkono, tangu unapoitafuta hadi boksi tupu linapoingia kwenye taka. Kila mkono una kitu unachohitaji kujua kuhusu wewe. Kazi yako ni kuupa hicho, usiuongezee.

Hatua ya 1: Hakikisha ni famasi kabla hujaandika jina la dawa

Kurasa nyingi zinazouza dawa Instagram na WhatsApp si famasi. Ni mtu na stoo yake, au mtu asiye na stoo kabisa, ambaye akipata oda anakimbilia Kariakoo. Huyo huna cha kumdai taarifa zako zikivuja, kwa sababu hata hujui ni nani.

Tanzania Bara, famasi lazima isajiliwe na Baraza la Famasi na iwe na mfamasia msimamizi. Kwa hiyo uliza mambo matatu kwa ujumbe mmoja: jina la famasi kama lilivyo kwenye kibali, mahali ilipo, na jina la mfamasia msimamizi. Famasi halali inajibu bila kununa, maana vibali hivyo vimetundikwa ukutani na kila mkaguzi anaviuliza. Anayejibu "wewe unataka dawa au unataka vibali?" ameshakujibu. Ukiwa na shaka, wasiliana na Baraza lenyewe. Ukiwa Kenya, mwenye kusimamia famasi na wafamasia ni Bodi ya Famasia na Sumu, na swali ni lilelile.

Kisha liko swali la pili ambalo wateja hawaliulizi: je, mmesajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume, maarufu kama PDPC, ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Anayekusanya na kuchakata taarifa za watu anatakiwa kujisajili nayo. Duka dogo linaweza kubabaika kidogo kwenye swali hili, na mimi nisingelikimbia kwa hilo pekee. Ila famasi yenye programu yake ya simu, matangazo kila kona na maelfu ya wateja, haina kisingizio.

Alama moja ya hatari nitaitaja hapa maana imeumiza watu. Ukikuta mtu mtandaoni anauza ARV, kimbia. Dawa hizo za kufubaza VVU hutolewa bure kwenye kliniki za CTC, zile zinazohudumia wanaoishi na VVU. Anayeziuza anapata vitu viwili kwa mkupuo, pesa yako na siri yako, na siri ndiyo atakayorudi nayo baadaye.

Hatua ya 2: Usiulizie dawa hadharani

Kwenye kurasa za famasi utakuta komenti: "Mna dawa ya gono? Bei gani?" Jina kamili, picha ya wasifu yuko na watoto, na mwajiri wake kaandikwa juu. Komenti ile itakaa pale mpaka atakapokumbuka kuifuta, kama atakumbuka. Piga simu, au andika ujumbe wa faragha. Basi.

Hatua ya 3: Tayarisha simu yako kwanza

Kabla ya kulilaumu duka, tuangalie mkononi mwako. Wengi waliokuja kulalamika kwetu kwamba "siri imetoka" siri ilitokea kwao nyumbani, kwenye simu iliyoachwa juu ya meza ya chakula.

Zima maandishi ya ujumbe yasionekane simu ikiwa imefungwa. Iache ionyeshe tu kwamba kuna ujumbe, si "Dada habari, dawa yako ya U.T.I. imefika". Kwenye WhatsApp zima upakuaji wa picha kwenda kwenye galari, la sivyo picha ya maelekezo ya dawa utakayotumiwa itajitokeza siku unamwonyesha shangazi picha za msibani. Mazungumzo na famasi unaweza kuyafunga peke yake yadai alama ya kidole, WhatsApp ina kufuli hilo kwa kila mazungumzo.

Kama simu ni ya familia, au laini inapokewa na yeyote aliye karibu, sema hivyo kwa famasi mapema: "Naomba msipige, andikeni tu," au kinyume chake. Na usitumie barua pepe ya ofisini kufungulia akaunti ya famasi. Ile ni ya mwajiri.

Watu huniuliza kuhusu kufungua tovuti kwa dirisha la faragha la kivinjari. Linasaidia kwa jambo moja: anayetumia simu hiyo baada yako hataona historia. Famasi, kampuni ya intaneti na watangazaji halijawafanya vipofu.

Hatua ya 4: Picha ya cheti

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo taarifa nyingi zinapotoka kwa mara moja.

Chukua cheti chako cha mwisho ukisome kama mtu baki. Jina kamili. Umri. Mtaa unaokaa. Namba ya faili la hospitali. Namba ya simu. Namba ya kadi ya bima. Ugonjwa, wakati mwingine kwa kifupi cha madaktari ambacho siku hizi mtoto wa darasa la saba anakipata kwa kutafuta mtandaoni. Jina la daktari na saini. Dawa zote, hata ile unayoifuata hospitali kwingine. Karatasi moja ndogo imebeba nusu ya maisha yako.

Mfamasia anahitaji nini humo? Jina la mgonjwa, umri, tarehe, jina la daktari na hospitali, dawa, nguvu yake, namna ya kuitumia na kwa siku ngapi. Ugonjwa ulioandikwa pale usiuzibe, unamsaidia kugundua daktari akikosea dawa au kipimo. Unachoweza kuziba ni namba ya bima kama unalipa taslimu, namba ya faili, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) kama ipo, na anwani ya nyumbani. Usikate picha mpaka cheti kikose kichwa au saini, kitakataliwa, na kwa haki.

Namna ya kuziba: usitumie ile kalamu ya rangi ya kung'arisha kwenye simu. Inaacha maandishi chini yake, mtu akiongeza mwanga wa picha anayasoma. Njia yangu ni ya kizamani na haijawahi kuniangusha. Kata vipande vya karatasi nene, viweke juu ya cheti mezani, ndipo upige picha. Kilichozibwa kabla ya kupigwa picha hakifunuliwi na programu yoyote.

Piga picha cheti peke yake. Nilishapokea vyeti vilivyopigwa juu ya kitanda na kitambulisho cha kazi pembeni, na kimoja juu ya taarifa ya benki.

Itume kama picha ya kawaida, si kama faili. WhatsApp ikituma picha huibana na kuondoa taarifa zilizojificha ndani yake, kama mahali ilipopigwa. Ikitumwa kama faili zinakwenda nazo.

Je, "tazama mara moja"? Inavutia, lakini kwa cheti inakwama. Mfamasia anakifungua, mteja mwingine anamwita, akirudi picha haipo, anakupigia utume tena, na mara ya tatu mnachoshana. Tumia badala yake ujumbe unaojifuta: saa 24, siku 7 au siku 90. Mimi naweka siku 7. Kumbuka tu kwamba upande wa pili anaweza kupiga skrinishoti, na kwamba yale maneno ya WhatsApp kuhusu ujumbe kufungwa mwanzo hadi mwisho yana ukweli njiani tu. Ukishafika kwenye simu ya kaunta yenye namba 1234, ni karatasi iliyo wazi.

Ndiyo maana baada ya kuhudumiwa unaomba kwa maneno haya, ya upole na ya wazi:

"Asanteni, dawa nimepokea. Naomba picha ya cheti changu ifutwe kwenye simu na kwenye kompyuta ya duka. Mkitakiwa kubaki na kumbukumbu, naomba ibaki kwenye rejista tu."

Sentensi ya mwisho ina maana yake. Kuna dawa, hasa zile zinazodhibitiwa, ambazo famasi inawajibika kuweka kumbukumbu zake. Huwezi kudai zifutwe zote. Lakini rejista ya famasi na galari ya simu ni vitu viwili tofauti.

Na uliza swali la kuchekesha kidogo: mmenisevu kwa jina gani? Kwetu, wateja walikuwa "Mama Asha Sukari", "Kaka Presha Tabata", na mmoja nisiyemtaja kwa ugonjwa wake. Tulifanya hivyo ili tukumbuke haraka. Lakini jina hilo linajitokeza kwenye kioo kila ukipiga, mbele ya foleni nzima, na baadhi ya programu za kutambua wapigaji hukusanya majina kutoka kwenye simu za watu. Waombe wakuandike kwa jina la kwanza na namba ya oda.

Jambo la mwisho la WhatsApp: ingia Mipangilio, Faragha, Vikundi, uchague wanaoweza kukuweka kwenye kundi wawe watu ulionao kwenye simu tu, na namba ya duka usiisevu. Famasi nyingine hufungua kundi la "Wateja wetu wa ofa", ghafla watu mia mbili wanaonana namba, na kila mmoja anajua mwenzake ni mnunuzi wa dawa wapi.

Hatua ya 5: Usimfiche mfamasia

Naiweka katikati makusudi, kwa sababu mtu akisoma mpaka hapa anaweza kupata wazo kwamba dawa ni kukaa kimya. Hapana. Ziko taarifa ambazo ukimnyima mfamasia unajidhuru mwenyewe.

Mwambie kama una mimba au unanyonyesha. Mwambie dawa inayokudhuru. Mwambie dawa nyingine zote unazotumia, hata za mitishamba. Mwanaume anayeagiza sildenafil, dawa ya nguvu za kiume, kimyakimya huku anatumia nitrati za moyo anaweza kuanguka kwa presha kushuka kupita kiasi. Mwanamke aliye kwenye dawa za TB zenye rifampisini akaagiza vidonge vya uzazi wa mpango bila kusema, vidonge hivyo vinapungua nguvu. Mfamasia asiyejua hawezi kukuonya.

Unachodai ni kumwambia yeye, si duka. Andika: "Naomba kuongea na mfamasia mwenyewe, nina maelezo ya kiafya." Mpigie akiwa pembeni na kaunta, umweleze kwa mdomo. Hakuna picha, hakuna sauti iliyorekodiwa, na yeye analo jukumu la kitaaluma la kutunza siri yako. Kama famasi haikupi mfamasia hata kwa dakika tano za simu, umepata sababu nyingine ya kuihama.

Hatua ya 6: Programu na tovuti

Ukitumia programu ya famasi, angalia ruhusa zinazoombwa. Kamera kwa ajili ya cheti, sawa. Mahali ulipo, ruhusu wakati unaitumia tu. Orodha ya namba zako za simu na maikrofoni, ya nini? Kataa uone kama programu inaendelea kufanya kazi. Kwa kawaida inaendelea.

Sera ya faragha huisomi yote, hata mimi siisomi. Tafuta ndani yake maneno matatu: "washirika", "matangazo", "masoko". Hapo ndipo duka linaposema linampa nani taarifa zako. Ukikuta kisanduku cha ridhaa kimeshawekwa alama ya vema kabla hujagusa, kiondoe alama.

Si woga wa bure. Uingereza, mwaka 2015, famasi ya mtandaoni Pharmacy2U ilipigwa faini ya pauni 130,000 kwa kuuza majina na anwani za wateja zaidi ya 20,000 bila ridhaa yao, na miongoni mwa walionunua ilikuwamo kampuni ya bahati nasibu ya Australia. Marekani, Februari 2023, GoodRx, ambayo watu huitumia kupata punguzo la bei za dawa, ilikubali kulipa dola milioni 1.5 baada ya serikali kuishtaki kwamba ilipeleka taarifa za afya za watumiaji kwa Facebook na Google ilhali iliahidi kutofanya hivyo. Sweden, 2024, famasi ya Apoteket ilitozwa krona milioni 37 kwa sababu tovuti yake ilikuwa na kijipande cha msimbo wa Meta, wenye Facebook, kilichokuwa kikipeleka taarifa za wanunuzi. Huko Apoteket hakuna aliyeuza orodha wala kuvunja mlango. Ni fundi wa matangazo aliyebandika kitu kwenye tovuti, na wenye duka hawakufuatilia kinabeba nini.

Oktoba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikwenda mbali zaidi. Katika kesi iliyohusu famasi ya Ujerumani iliyokuwa ikiuza kupitia Amazon, ilisema kwamba taarifa unazojaza ukiagiza dawa mtandaoni ni taarifa za afya, hata kama dawa yenyewe haihitaji cheti. Uamuzi huo hauifungi Tanzania wala Kenya. Lakini hoja yake ndiyo hoja yangu: kikapu chako cha dawa kinasema unaumwa nini, hata kama hukuandika ugonjwa popote.

Ukiona umeulizia dawa ya bawasiri asubuhi na jioni matangazo ya bawasiri yanakufuata kila ukurasa, nenda kwenye mipangilio ya matangazo ya Google na Facebook ufute mada hiyo, kisha uandikie famasi kuuliza wanatumia vifuatiliaji gani.

Hatua ya 7: Malipo

Lipa kwa lipa namba yenye jina la famasi, si kwa namba ya mtu. Ukituma kwa namba binafsi jina lako kamili linakaa kwenye simu ya mtu binafsi, na mzigo usipofika huna wa kumshika. Watanzania tumeshatumiwa vya kutosha ile "hela tuma kwenye namba hii". Oda ya dawa ikibadilishiwa namba ya malipo katikati ya mazungumzo, simama, upige simu ya famasi uliyoipata kwingine.

Jina la famasi litabaki kwenye ujumbe wa muamala na kwenye taarifa ya miamala yako. Kama taarifa hiyo unaipeleka kwa mkopeshaji, au simu inashikwa na mwingine, fikiria kulipa taslimu mzigo ukifika. Ukitakiwa kuthibitisha malipo, tuma namba ya muamala kwa kuinakili. Skrinishoti huonyesha salio na ujumbe wa juu na chini yake. Na PIN, au namba za uthibitisho zinazokuja kwa ujumbe, hakuna famasi duniani inayozihitaji.

Hatua ya 8: Bodaboda

Kisa hiki sitakisahau. Mteja wetu alifanya kazi kwenye ofisi yenye mapokezi. Dereva alifika, hakumkuta, akamuuliza dada wa mapokezi kwa sauti ya barabarani: "Kuna mzigo wa huyu, dawa za fangasi, elfu kumi na nane, nani analipa?" Alijuaje? Sisi ndio tuliobandika risiti nje ya mfuko ili aone kiasi cha kupokea. Mteja alitupigia jioni ile. Hakugomba. Alisema tu, "Kaka, kesho naingiaje pale?" Kisha hakuagiza tena.

Dereva anahitaji kujua vitu vitatu: mahali, namba ya simu, na kiasi cha pesa kama hakijalipwa. Andika hivi pamoja na oda:

"Naomba mzigo ufungwe kwenye mfuko wa khaki na kubanwa. Risiti iwe ndani. Nje muandike namba ya oda, simu na kiasi tu, bila jina la dawa wala jina la famasi. Dereva asitajiwe kilichomo. Akifika anipigie mimi, asimpe mtu mwingine."

Rambo nyeusi iliyokuwa ikisitiri kila kitu ilipigwa marufuku Juni 2019, ndiyo maana nasema khaki na nataja kubanwa. Mfuko ulio wazi juu ni mwaliko.

Insulini na dawa nyingine zinazokaa nyuzi joto 2 hadi 8 zina mtego wake. Dereva lazima ajue asiuache mzigo juani, lakini hana haja ya kujua ni insulini. "Mzigo wa baridi, ufike ndani ya saa moja" inatosha.

Pokelea mahali pasipo nyumbani ukiweza: kituo cha daladala, dukani kwa mtu unayemwamini, getini kwa jirani wa mbali. Si kwa sababu madereva ni wabaya. Ni kwamba anayejua nyumba yako, namba yako na kwamba unapokea dawa kila mwezi amejua mengi kwa malipo ya shilingi elfu tatu. Ukitumiwa ramani ya mahali ulipo, tuma sehemu ya kukutana, na ile ya kufuatwa moja kwa moja usiiache ikiwaka baada ya mzigo kufika.

Fungua mfuko ukiwa peke yako, lakini fungua siku hiyohiyo. Linganisha jina la dawa, nguvu na tarehe ya mwisho na cheti.

Hatua ya 9: Boksi, bahasha na karatasi

Ile bahasha ndogo ya vidonge imeandikwa jina lako na "1 x 3". Boksi lina kibandiko. Ukimaliza dozi, chana sehemu yenye jina, ilowanishe au ichome, ndipo utupe lililobaki. Karatasi ya maelekezo iliyo ndani ya boksi itunze mpaka dozi iishe.

Vyeti vya zamani usivitupe vizima. Sote tumeshanunua karanga zilizofungwa kwenye karatasi ya mtihani wa mtu. Mimi nilishanunua zilizofungwa kwenye fomu ya maabara, jina la mgonjwa likiwa limekunjwa vizuri kwa nje, na jibu la kipimo nilikutana nalo nilipofikia karanga za chini.

Hatua ya 10: Siri ikishatoka

Kwanza tunza ushahidi. Skrinishoti zenye tarehe, picha ya mfuko ulivyofika, rekodi ya simu zilizopigwa. Usianze kwa kuweka mtandaoni, utaeneza wewe mwenyewe kile unacholalamikia.

Pili, iandikie famasi. Barua fupi, kwa mfamasia msimamizi na mmiliki:

"Tarehe fulani niliagiza dawa kwenu, oda namba fulani. Tarehe fulani taarifa zangu za afya zilifika kwa mtu asiyehusika kwa njia hii. Naomba mnijulishe kwa maandishi: ni taarifa zangu zipi mnazo, nani amezipata, na mmechukua hatua gani. Naomba pia mfute zile msizolazimika kuzitunza na mwache kunitumia matangazo."

Maombi hayo hayatoki hewani. Sheria ya Tanzania inampa mwenye taarifa haki ya kujua zinavyochakatwa, kuzipata, kurekebishiwa au kufutiwa, kukataa zisitumike kwa matangazo, na kudai fidia. Taarifa za afya zimo kwenye kundi la taarifa nyeti, ambalo lina ulinzi mkali zaidi.

Wasipojibu, au wakijibu kwa kejeli, peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ukiambatanisha barua hiyo. Aliyevujisha akiwa mfamasia au mtoa dawa, Baraza la Famasi nalo lihusishe, maana hapo ni suala la maadili ya taaluma pia.

Kenya njia ni hiyohiyo kwa majina tofauti. Katiba ya 2010 inalinda faragha katika kifungu cha 31, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka mwenye data iliyovuja kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72 kukiwa na hatari ya kweli ya madhara. Malalamiko yakifika kwa Kamishna yanatakiwa kukamilishwa ndani ya siku 90. Anayedhani ofisi hiyo ni ya maonyesho akumbuke Septemba 2023, ilipoitoza klabu moja ya Nairobi shilingi milioni 1.85 za Kenya kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Hiyo ni picha ya mtu aliyekwenda kustarehe, sembuse cheti cha daktari.

Mtu akikutishia kwamba atatangaza ugonjwa wako usipompa pesa, usimlipe. Anayelipwa mara moja hurudi. Usimjibu kwa matusi wala usifute mazungumzo. Nenda polisi nayo kama yalivyo, na mweleze mtu mmoja wa karibu kabla yule hajafanya hivyo, maana kitisho chake chote kinasimama juu ya wewe kuwa peke yako.

Na ukihama famasi, usiondoke kimyakimya kama yule mteja wetu. Omba akaunti ifungwe, picha zifutwe, namba yako itolewe kwenye orodha ya ofa, wakujibu kwa maandishi. Kisha jibu hilo lihifadhi pamoja na tarehe. Miezi sita baadaye wakikutumia "Mpendwa mteja, dozi yako ya fangasi imekaribia kuisha?" utakuwa na cha kuwaonyesha Tume.